Fundi kanzu mwenye viganja vya maji: dawa za jasho nilizojaribu hapa Lindi

Nashona kanzu. Fremu yangu iko mtaa wa nyuma ya soko, Lindi mjini: cherehani mbili, meza ya kukatia, na feni ambayo umeme ukiwa mdogo huzunguka kama inaombwa. Mteja akiingia hunikuta na taulo ndogo begani, nyingine mapajani, ya tatu inakauka dirishani. Wageni hudhani ni joto la Lindi. Joto lipo, hilo halina mjadala. Lakini hata Julai, kusi inavuma na watu wanajitanda mashuka alfajiri, viganja vyangu vilikuwa vinadondosha. Sisemi vilikuwa na unyevunyevu. Vilidondosha, tone kwenye kidole cha kati, tone kwenye dole gumba, kama bomba ambalo halikufungwa vizuri.

Fundi wa suti nyeusi angeweza kuishi hivyo. Fundi wa kanzu hawezi. Poplini nyeupe haikufichii kitu. Ukiishika na mkono uliolowa leo, kesho pana kivuli cha manjano. Sindano ya mkono niliyoiacha jioni kwenye kitambaa, asubuhi ina kutu, na doa la kutu kwenye nyeupe lina rangi ya chai, sabuni hailiwezi. Nimeanika kanzu ngapi juani nimezipaka ndimu na chumvi, nikiomba Mungu mwenye kanzu asitokee kabla doa halijaondoka!

Tangu nipate nafuu, watu watatu wamenifuata fremuni kuniuliza kwa sauti ya chini. Mmoja ni mwalimu anayelowesha madaftari ya wanafunzi akisahihisha. Mwingine ni binti ambaye mashine ya alama za vidole ilimkataa mara tano alipokwenda kusajili laini. Nimechoka kurudia hadithi ile ile, basi hii hapa yote, na maksi zangu ndani yake. Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Nasema kilichonipata mimi na nilichoelezwa na aliyenitibu.

Nianze na hilo la kuelezwa, kwa sababu nilichelewa sana kwenda. Miaka yote nilidhani hili si ugonjwa, ni maumbile tu. Nilipokuwa madrasa kurasa za juzuu yangu zilikuwa zimevimba upande wa kulia, na ustadhi aliwahi kunifokea akidhani nimetoka kutawadha sikujifuta. Nilikuwa na miaka kama kumi. Ukubwani nikajifunza ujanja: kusalimia kwa kifundo cha mkono, kubeba kitu mkono wa kulia nikiona watu wanakuja, kuwahi kutoka msikitini kabla watu hawajaanza kupeana mikono.

Hospitali niliyokwenda siitaji, maana daktari wao alinifaa na foleni yao haikunifaa. Nilikaa benchi tangu saa mbili asubuhi, nikaitwa saa saba mchana. Nikaingia, nikamkuta binti mdogo kwa umri, amesomea magonjwa ya ngozi Moshi, kwenye kile kituo cha pale hospitali ya KCMC ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha waganga wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Akanyoosha mkono. Nikasema, "Daktari, samahani, mkono wangu umelowa." Akasema, "Si ndicho ulichonijia, fundi?" Akaushika, akaugeuza, na hakujifuta kwenye koti. Kwa hilo peke yake ningempa kumi juu ya kumi hata kama asingenipa dawa.

Maswali yake yalikuwa manne, na ninayaandika kwa sababu ndiyo yanayotenganisha jasho la aina yangu na jasho la kutisha. Lilianza lini? Ni pande zote mbili sawasawa? Ukilala usingizi viganja vinakauka? Kwenu nani mwingine anayo? Nikajibu: utotoni, pande zote, na mjomba wangu anayo. Kwetu huku mtu humfuata mjomba wake kwa mengi, mimi nimemfuata hadi viganjani. La usingizini sikulijua. Nikamwambia mke wangu anipapase usiku kwa tochi ya simu, akaniletea jibu asubuhi: pakavu kama mkeka.

Kumbe hiyo ndiyo alama. Aina yangu, inayoitwa haipahidrosi ya msingi, hulala mwenyewe akilala. Tezi za jasho zenyewe ni nzima, na mwili wa mtu unazo kati ya milioni mbili na nne, zilizosongamana sana viganjani na nyayoni. Kinachozidi ni amri ya neva zinazoziambia zitoe. Lakini mtu anayelowesha shuka usiku, au anayepungua uzito, au ana homa, au jasho lilimwanza ghafla ukubwani tena mwili mzima, huyo asinunue dawa ya kupaka. Apimwe kwanza kifua kikuu, tezi ya shingo, sukari, na aoneshe dawa anazokunywa, maana nyingine zinaleta jasho. Mimi alinipima tezi na sukari hata hivyo. Vyote salama.

Halafu akanionesha mchezo ambao ningeulipia kiingilio. Alinikausha kiganja, akakipaka madini ya joto ya majimaji yale ya kahawia, akakiacha kikauke, akanyunyiza wanga mweupe juu yake. Dakika hazikufika mbili, kiganja kikaanza kutoa vitone vya rangi ya bluu nyeusi, kimoja kimoja, kisha vikaungana kikawa cheusi kama cha fundi magari. Madini hayo ndiyo iodini, na iodini ikikutana na wanga penye maji hugeuka rangi hiyo. Kipimo hiki kinabeba jina la daktari wa Urusi, Minor, aliyekieleza miaka ya 1920. Nilikaa nautazama mkono wangu. Nilikuwa najua naloa, sikuwahi kuliona jasho likitoka tundu kwa tundu.

Sasa dawa.

Shabu na unga wa mtoto, yaani poda, nilikwisha kuvitumia kabla. Shabu inakausha kidogo, ndiyo, ila saa moja tu. Unga wa mtoto na jasho langu vilifanya ugali. Moja juu ya kumi, na hiyo moja ni ya harufu.

Ya kwanza aliyoniandikia daktari, kwa viganja na kwa kwapa ambazo nazo zilikuwa zinalowa, ni kloridi ya alumini, asilimia 20, kichupa chenye kipira cha kupakia juu. Nilikipata famasi kwa shilingi 26,000. Hapa nina neno na muuzaji, ambaye duka lake nalistahi. Daktari alikuwa amenieleza namna ya kutumia, mimi nikasahau, nikamuuliza yeye. Akanijibu bila kusoma karatasi, "Paka asubuhi ukitoka kuoga." Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimenyoa kwapa, nimeoga, nina haraka ya msikiti. Nikapaka. Jamani! Nilikwenda sala ya Ijumaa nimetanua mikono kama kuku anayeota jua. Dawa hii ikikutana na maji inatengeneza asidi, na mimi nilikuwa nimeipa maji na ngozi iliyotoka kuchubuliwa na wembe.

Namna yenyewe ni kinyume kabisa. Unapaka usiku, tezi zikiwa zimetulia, kwenye ngozi kavu kwelikweli (mimi hujipepea na kipande cha boksi dakika kumi), wala si siku uliyonyoa. Asubuhi unaosha. Usiku ule dawa inaingia kwenye vijitundu vya jasho na kuganda, inaviziba. Ukifanya usiku tatu hadi tano mfululizo, baada ya hapo mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Nilipoifuata hivyo, kwapa zangu zilikauka wiki ile ile. Shati la bluu ambalo nilikuwa nimeliweka kabatini tangu harusi ya shemeji yangu nimelivaa tena. Kwapani naipa tisa. Kwa viganja nilijaribu mwezi mzima, nikavaa hadi mifuko ya nailoni usiku, mke wangu akacheka mpaka akaamsha watoto. Ngozi ilipasuka kwenye viungo vya vidole na jasho likaendelea kutoka katikati ya nyufa. Viganjani naipa tatu.

Ya pili ilikuwa kidonge, oksibutinini, ambacho kazi yake ya asili ni kutuliza kibofu. Kinazuia ule ujumbe wa neva usifike kwenye tezi. Daktari alinianzishia kipimo kidogo akaniambia mapema: mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, macho yanaweza kufifia, na ole wako na joto. Watu wenye presha ya macho au wanaokojoa kwa shida hawapewi kabisa.

Kidonge kinafanya kazi, nisikidhulumu. Siku ya nne viganja vilikuwa vimepungua nusu. Lakini kilinikuta Ramadhani, na hilo kosa ni langu, ningengoja. Nilikinywa baada ya futari, ikifika daku mdomo umekauka hadi tende inakwama kana kwamba natafuna sponji. Macho nayo: nililamba uzi, nikaulenga tundu la sindano, nikakosa, nikakosa tena, nikamwita kijana wangu wa kazi aje anitungie kama bibi kizee. Fundi asiyeona tundu la sindano anashona nini?

Kilichonitoa ni siku ya pasi. Zilikuwa kanzu ishirini na kitu za sikukuu, pasi ya mkaa kwa sababu umeme ulikatika, bati juu, mchana. Kwa kawaida hapo ningelowa chapachapa. Siku hiyo sikutoka jasho hata kwenye paji la uso. Nilihisi kichwa kinajaa moto, nikaona meza inasogea, nikakaa chini. Ndipo nikaelewa onyo la daktari. Kidonge hakichagui viganja peke yake, kinafunga jasho la mwili mzima, na jasho ndilo linalotupoza. Nilimpigia, akaniambia niache. Kwa fundi wa Lindi naipa tatu. Fundi wa Makete na baridi yao huenda angeipa saba.

Sindano na upasuaji sikufanya, nilitafuta habari zake tu, kwa hiyo sitoi maksi. Sindano ya botoksi ni sumu ya bakteria wa botulizimu kwa kipimo kidogo sana, inayokata ule ujumbe wa neva. Marekani waliiruhusu kwa jasho la kwapa mwaka 2004, na hukaa kama miezi sita hivi kisha unarudia. Kliniki moja ya Dar es Salaam niliyoipigia ilinitajia bei ambayo ingeninunulia cherehani ya umeme na chenji ya nauli ikabaki. Kwenye kiganja ni vichomo vingi, kimoja kila baada ya sentimita moja au mbili, mahali ambapo mwiba mdogo tu unakutoa machozi. Na dole gumba linaweza kulegea kwa wiki kadhaa. Nilipofika hapo nikashukuru, nikakata simu.

Upasuaji wenyewe unapitia kifuani, wanakata au kubana neva inayokwenda mikononi. Viganja hukauka karibu siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba watu wengi waliofanyiwa hutokwa na jasho jipya mgongoni, tumboni na mapajani, wengine zaidi ya lile la kwanza, na ukishakatwa hakuna kurudi. Nikashone kanzu za watu kwa mikono mikavu, huku yangu imenigandia mgongoni? Daktari mwenyewe alisema hiyo ni ya mwisho kabisa, baada ya vyote kushindwa.

Kuna na vitambaa vya dawa vya kufutia kwapa vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2018, na jeli mwaka 2024. Hapa sijakutana navyo dukani, na ni vya kwapa, ambazo mimi nilikwisha kuzimaliza na kichupa changu cha 26,000.

Tufike kwenye mashine.

Inaitwa ayontoforesi, na nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani natajiwa jini. Unaweka mikono kwenye maji na kupitisha umeme. Mtoto wa Lindi aliyekua akiambiwa asishike swichi na mikono iliyolowa, leo daktari anamwambia atie mikono kwenye beseni la maji lenye nyaya! Lakini umeme wenyewe ni mdogo mno, kwa viganja ni miliampia 15 hadi 20, na mashine inaupima. Binamu yangu aliyeko Maskati ndiye aliyeninunulia, pamoja na kuisafirisha ikanigharimu kama laki sita. Nilimlipa kwa awamu tatu na kanzu mbili.

Ukifungua boksi unaona trei mbili za plastiki, bamba la chuma kwa kila trei, kitambaa cha kufunika bamba ili ngozi isiguse chuma, nyaya mbili, na kidude chenyewe ukubwa wa redio ndogo. Hakuna dawa ndani. Ni maji tu. Unatia maji yafunike kiganja bila kupanda juu ya mkono, unaweka kila mkono trei yake, unaongeza umeme polepole hadi unapohisi siafu wanakunusa bila kuuma. Dakika kumi, unazima, unageuza nyaya, dakika kumi tena. Mara tatu kwa wiki.

Yafuatayo hayamo kwenye karatasi ya maelekezo, nimeyalipia mwenyewe. Maji ya mvua niliyokuwa nimeyakinga kwenye pipa hayakufaa, umeme ulikuwa hafifu kwa sababu hayana chumvi za kuupitisha. Maji ya bomba ya Ng'apa yalifaa mara moja. Pete na saa vua. Mkono ukishaingia usiutoe wakati umeme unapita, utashtuka. Palipochomwa na sindano, na fundi hakosi, paka mafuta ya mgando kwanza, la sivyo tundu dogo kama la mbu litakuuma kama kidonda. Na jambo kubwa kwa sisi wa kusini: tumia betri. Mimi wiki ya kwanza nilichomeka ukutani, umeme ukakatika katikati, nikapigwa mshtuko wa ghafla, trei moja ikaruka hadi kwenye kitambaa cha mteja. Mshtuko haukunidhuru, ila mke wangu aliyesikia ukelele alikuja na mwiko. Mwenye kifaa cha moyo, mwenye chuma mwilini na mjamzito hawaruhusiwi kuigusa.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu pesa zangu kwa uchungu. Wiki ya tatu, jioni moja nadarizi shingo ya kanzu ya mzee mmoja wa Mitwero, nikagundua kwamba nimemaliza duara zima na taulo bado liko begani, kavu. Nikautazama mkono wa kushoto. Nikaukunja, nikaukunjua. Ulikuwa na sauti, ile sauti ya ngozi kavu ikisugua kitambaa, ambayo nilikuwa naisikia kwenye mikono ya mafundi wengine tu. Wa kulia ulifuata siku chache baadaye.

Sasa nafanya mara moja kwa wiki, Alhamisi baada ya isha, huku nasikiliza taarifa ya habari, kwa sababu mikono yote ikiwa majini huwezi hata kubadilisha stesheni. Nikiruka wiki tatu jasho linarudi, nimeshajaribu wakati wa msiba kijijini. Ngozi hukauka kidogo, napaka mafuta ya nazi nikimaliza. Viganjani naipa tisa juu ya kumi. Moja nimeikata kwa bei na kwa sababu haiponyi, inatuliza tu.

Idi iliyopita sikuwahi kutoka. Nilibaki kwenye safu, nikapeana mikono na watu mpaka bega likachoka. Mzee mmoja wa safu ya mbele alinishika mkono, akauangalia, akaniuliza, "Fundi, unaumwa?" Alikuwa ameuzoea umelowa.

Kilichobaki ni miguu. Kandambili bado zinaniteleza kwenye ngazi za msikiti. Mashine ni hiyo hiyo, ila umeme wa nyayo huwa juu kidogo na trei nilizonazo ni fupi, mimi navaa namba 44. Natafuta mabeseni mawili ya plastiki, marefu, yasiyo na kina, yasiyo na chuma popote. Sokoni Lindi nimekosa. Aliyeyaona Mtwara au Masasi aniambie bei.